Usizoee ubovu wa usukani ukidhani ni ugeni wa gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye magari wa Kigoma, hasa wanaopokea gari lililotolewa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa na dereva wa kukodi zaidi ya kilomita 1,000 hadi huku. Mwenye gari anakabidhiwa ufunguo, anateremka nalo barabara ya Lumumba, anaona usukani una tabia asiyoijua. Kila anayemuuliza anamjibu: utazoea. Yapo ya kuzoea kweli. Lakini mengine ni ubovu, na ukishauzoea hutauona tena mpaka tairi liishe upande mmoja au tairodi, fimbo inayosukuma tairi likate kona, ichomoke.

Nianze na ya kuzoea. Anayetoka kwenye hadtopu, yaani jipu la zamani, akaingia kwenye Passo au Vitz atashangaa wepesi. Hadtopu inasaidiwa na pampu ya mafuta inayozungushwa na injini. Gari dogo halina pampu hiyo: lina mota ya umeme, na kompyuta inayoipimia nguvu kulingana na mwendo. Kwenye soko la Mwanga usukani unauzungusha kwa kidole. Ukifika kilomita 80 kwa saa barabara ya Kasulu unakaza. Si ubovu, wala si teknolojia ya jana, maana Suzuki waliiweka kwenye Cervo tangu 1988. Tatizo lake ni kwamba mikono haisikii barabara vizuri kama zamani. Kwenye tope la masika, tairi za mbele zikianza kuteleza, usukani wa pampu hulegea mkononi ukajua. Wa umeme unaweza usikuambie mapema. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, na pua ya gari ikikataa kufuata, achia mafuta taratibu. Kuongeza kukata usukani hakusaidii, kwa sababu tairi likishika ghafla gari litaruka upande uliokata.

Mazoezi yafanyike uwanjani, siyo mjini. Weka kiti kwanza: mgongo ukiegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani, na kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye eabegi. Zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, uhesabu mizunguko. Ndipo utajua mkono uende kiasi gani kwa kona ya kawaida. Usiushikilie mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache. Kwenye gari la pampu mafuta yanachemka, na kwenye la umeme mota ikipata moto kompyuta inapunguza msaada, usukani unakuwa mzito mpaka ipoe. Wengi wameuziwa raki nzima, yaani chombo cha meno kinachosukuma tairodi, kwa sababu hiyo tu. Betri dhaifu nayo inaleta uzito wa namna hiyo na kuwasha taa ya usukani, basi ipimwe kabla hujafungua chochote.

Sasa ubovu. Kipimo cha kwanza ni upepo, asubuhi kabla tairi halijapata moto, kwa namba zilizo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Usifuate namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ile ni kikomo cha tairi, siyo kipimo cha gari lako. Upepo pungufu mbele unafanya usukani mzito. Ukipungua upande mmoja, gari linavuta huko.

Kisha pima uchezaji. Injini ikiwa inanguruma na tairi zimenyooka, sogeza usukani polepole huku na huku ukiangalia tairi la mbele. Kwa Toyota nyingi ndogo, ukingo wa usukani usisogee zaidi ya milimita 30 kabla tairi halijaitika. Ukizidi hapo, tafuta tairodi endi, bushi za raki au maungio ya fimbo ya usukani. Njia ya mashimo huvila hivyo vyote, na mlio wa ko-ko chini ya miguu ya dereva ndiyo dalili.

Gari likivuta kushoto kidogo kwenye lami, usikimbilie gereji. Barabara zetu zimeinama pembeni ili maji yatoke, nasi tunaendesha kushoto. Lipime mahali tambarare. Likiendelea kuvuta, badilisha tairi za mbele pande, isipokuwa zile zenye mshale wa mwelekeo. Uvutaji ukihama na tairi, ubovu ni wa tairi. Usipohama, angalia kwanza kama breki inashika tairi, ndipo uende kwenye alaimenti, yaani kunyoosha tairi kwa vipimo. Usukani unaotetemeka kati ya 80 na 100 mara nyingi unataka balansi, yaani kusawazisha uzito wa tairi. Unaotetemeka ukikanyaga breki tu, angalia diski. Baada ya kona unapaswa kurudi wenyewe karibu na katikati. Ukigoma kurudi, huenda boljointi, kiungo cha duara kinachobeba tairi la mbele, imekauka, na hilo halizoeleki.

Kwa magari ya pampu, usukani ukipiga kelele unapokata, angalia kiwango cha mafuta na uvujaji. Soma kifuniko kabla ya kujaza: Toyota nyingi zinatumia ATF, mafuta yale ya gia za otomatiki, lakini Honda ina mafuta yake, na kuichanganyia kunaharibu sili, mipira inayozuia uvujaji.

Linaloniumiza zaidi ni madereva wanaozima injini kwenye mteremko wa kutoka Mwanga kwenda stesheni ili kuokoa mafuta. Msaada wa usukani unakufa hapo hapo, uwe wa pampu au wa umeme. Breki nayo inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, na ufunguo ukichomolewa usukani unajifunga. Mafuta yenyewe hayaokolewi: injini ya EFI, inayopuliziwa mafuta kwa kompyuta, ikiwa kwenye gia na mguu umeachia pedeli, hukata mafuta yenyewe.

Kwa mafundi wenzangu wa alaimenti, naomba mteja apewe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kaza au legeza tairodi zote mbili kwa uwiano ili usukani ubaki katikati. Kuung'oa na kuupachika upya ni kuficha kosa. Gari lenye mfumo wa kuzuia kuteleza linahitaji pia sensa ya usukani ipewe sifuri upya kwa mashine. Usipofanya hivyo taa itawaka, au mfumo utashika breki ya tairi moja gari likiwa linaenda sawa.

Fundi wa miguu ya magari,
Mwanga, Kigoma