Panda Ndege Kabla ya Aprili

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nimeshukuru kusikia viza imetoka. Shangazi yako kaniambia unataka kubaki Tanga mpaka karibu na siku ya kufungua chuo, ule harusi ya binamu yako kwanza. Mambo ya harusi niachie mimi na shangazi yako. Wewe njoo wiki ya mwisho ya Machi.

Sababu ni sakura, maua ya miti ya cheri. Hapa Tokyo, tangu maua ya kwanza yafunguke hadi mti ujae ni kama wiki moja, na likipita dhoruba moja la mvua na upepo, kwisha. Ukiyakosa hapa itabidi uyafuate Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, ambako huchanua mwishoni mwa Aprili na kuingia Mei, na nauli hiyo mimi sina.

Wenzetu hawa hawafanyi mzaha na jambo hili. Katika hekalu la Yasukuni kuna mti maalumu. Maofisa wa hali ya hewa huenda kuukagua, na yakifunguka maua matano au sita, hutangazwa rasmi kwamba msimu umeanza Tokyo. Mtu mzima, kavaa suti, anatazama matawi huku kamera zimemzunguka! Mwanzoni nilicheka. Siku hizi taarifa hiyo ikianza namnyamazisha baba yako.

Bibi yako alipoiona miti kwenye simu aliuliza matunda yake yanapikwaje. Nikamweleza kwamba iliyojaa mjini ni ya aina iitwayo Somei Yoshino, yote imebebeshwa vikonyo kutoka ukoo mmoja, ndiyo maana huchanua kwa pamoja, na matunda ya maana haina. Akaguna: "Sasa wanashangilia nini?" Mkrismasi wetu nao hauliwi, lakini sijaona mtu Tanga akiomba ruhusa kazini akaukalie chini.

Sisi huenda Asukayama, kilima kilicho karibu na stesheni ya Oji. Miti ilipandwa pale karne ya 18 kwa amri ya shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Yoshimune, ili hata watu wa kawaida wapate pa kustarehe. Miaka ya karibuni maua yalikutana na Ramadhani. Mwaka 2023 Tokyo ilijaa maua Machi 22, mfungo ukaingia. Basi tukawa tunakwenda usiku, taa zimewashwa, tunafuturu juu ya turubai: tende, tambi, sambusa, na chupa ya chai ya tangawizi. Majirani wanakunywa pombe yao, sisi chai yetu, hakuna anayemkera mwenzake. Ukitaka pasipo pombe kabisa, nenda mchana bustani ya Shinjuku Gyoen. Kuna kiingilio, na msimu huo mabegi hukaguliwa mlangoni.

Kuna bibi mmoja wa jengo letu. Miaka yote kwenye lifti ni kuinamisha kichwa tu, basi. Usiku mmoja akatukuta Asukayama, akavua viatu, akakaa. Nikampa sambusa. Aliifungua kwanza kwa vidole, akachungulia nyama na kitunguu, akanusa iliki, ndipo akatafuna. Naye akatoa sakura mochi, kitafunio cha waridi chenye maharage matamu ndani, kimefungwa kwa jani la mti wenyewe lililotiwa chumvi. Baba yako akaanza kulibandua jani. Bibi akamshika mkono: linaliwa na jani lake! Tangu hapo lifti inachelewa kwa maongezi, Kijapani changu kibovu hivyohivyo.

Ndiyo nataka uanzie hapo, mwanangu. Darasani utafundishwa sarufi, lakini wiki ile watu hapa huwa wepesi wa kusemeshwa, na wewe ulimi unao.

Beba koti zito, usidanganywe na picha. Usiku wa maua una baridi ya kuuma. Beba na dawa zako za mafua ya mzio, maana miti ya sugi, mierezi ya Kijapani, humwaga chavua majira hayohayo, na nusu ya treni wanapiga chafya. Usivute tawi ili upige picha, wala usikanyage mizizi. Taka zetu tunarudi nazo nyumbani. Na kwa kuwa kwenye turubai viatu huvuliwa, zile soksi zako zenye matundu ziache hukohuko Tanga. Iliki usisahau, nusu kilo.

Mama yako