Mmesahau makoja ya Bi Nesi

Mhariri,

Tanzia mliyoichapa wiki jana ilisema marehemu alikuwa muuguzi mstaafu na mama wa watoto sita. Si uongo. Ila sisi tuliokulia Kibokoni tulipoisoma tuliulizana: na asumini je?

Mtaani tulimwita Bi Nesi. Aliingia wodini kabla ya uhuru, akastaafu mwishoni mwa miaka ya themanini, na amefariki ana miaka 91. Hiyo miaka ya kustaafu, na mingi ya kabla yake, alasiri ilimkuta barazani, mkeka umetandikwa na sinia la asumini mbele yake, akitunga makoja, yale mashada ya kuvaa shingoni. Asumini huchumwa ingali imefumba, maana hufunguka jua likizama na kufikia asubuhi imeshageuka rangi ya chai. Sindano hupita chini kidogo ya kichwa cha ua. Ukikosea, ua limepasuka. Bi Nesi aliishika sindano ile kama aliyoshonea vidonda, kiwiko kimetulia gotini. Na fundo lake la mwisho lilikuwa la hospitali hasa, hulifungui bila mkasi.

Wa kutunga koja hawakukosekana. Kikuba, kile kishada kidogo cha kunukia wanachojipamba wanawake, ndicho kilichowaleta watu mlangoni kwake kutoka ng'ambo ya Likoni: mrehani, kipande cha mkadi, waridi, asumini, na kilua kimoja amekificha katikati kinukie bila kuonekana. Akikuuliza kilua kiko wapi, ukitafute kwa pua.

Wengi hawajui kwamba maua yalimtia matatani kazini. Enzi zile matroni, kwa mafunzo ya Kiingereza, aliamuru maua yote yatolewe wodini ikifika usiku, eti yanamaliza hewa. Mgonjwa wa kitanda cha pili anatumia hewa nyingi kuliko shada zima! Tena Florence Nightingale mwenyewe, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, ambaye picha yake ilitundikwa ofisini kwa matroni huyo huyo, aliandika jinsi wagonjwa wa homa walivyofurahia kishada cha maua ya rangi. Bi Nesi hakubishana. Kuhusu maji ya chombo cha maua alikubali kabisa kwamba yanafuga vijidudu, na wodi ya upasuaji hakupeleka hata jani. Lakini koja halina maji. Akawa analifunga kwenye chuma cha kitanda cha mama aliyejifungua, baada ya kuuliza kama kuna mwenye pumu pale karibu, na alfajiri analitoa kabla matroni hajapita. Mama anasema nami nilizaliwa chini ya koja lake, ingawa sijakutana na mtu wa Kibokoni asiyedai hivyo.

Leo jukwaa la bibi harusi linapambwa kwa maua ya plastiki, yanapanguswa vumbi na kukodishwa tena Jumamosi ijayo. Na nchi ni hii hii inayolima waridi Naivasha, ikaliwahisha kwa ndege hadi mnadani Aalsmeer, Uholanzi. Nikiuliza, naambiwa maua halisi hayastahimili. Asumini inanukia zaidi usiku, na harusi zetu zinapamba moto saa ngapi?

Sikuombeni mchape tanzia upya. Nyuma ya nyumba yake kuna asumini aliyoipanda mwenyewe, imetambaa ukuta mzima. Nyumba imeshauzwa na mwenyewe mpya anataka kuweka tangi la maji pale. Hana kosa, maji ya mfereji mnajua yanavyokuja. Mjukuu wa marehemu ameniruhusu kukata matawi hadi mwisho wa mwezi. Asumini hushika kwa tawi tu, ukiiweka kivulini na kuimwagilia wiki za mwanzo. Anayetaka aje na mkebe wa udongo baada ya sala ya alasiri, aulize kwa Bi Nesi, ataoneshwa. Mlua, mti wa kilua, usiuulizie, ulikatwa zamani.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa