Mkutano wa kuacha pombe saa nne asubuhi ni wa nani?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee juu ya hii maneno ya pombe hapa Nakuru, maana kila wiki tunasoma chifu amemwaga chang'aa mahali, vijana wameisha, lakini yule ameshaamua kuacha hakuna mtu anamwandikia kitu.

Mdogo wangu ni fundi wa welding huku Kaptembwo. Tulichanga kama familia, hadi ng'ombe ikauzwa, akapelekwa rehab na akatoka ako sawa kabisa. Siku ya kutoka akapewa karatasi imeandikwa aendelee na sapoti grupu, basi. Grupu gani, iko wapi, inakutana saa ngapi, hakuna. Tukatafuta wenyewe tukapata moja na sina ubaya na hao watu, walitupokea vizuri, lakini mkutano ni Jumanne saa nne asubuhi, upande ule mwingine wa tao, na ni Kizungu kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa fundi saa nne afunge kibanda aende, na mteja wa geti amesimama hapo na depositi mkononi? Alienda hivyo hivyo, miwani ya welding bado iko shingoni, zamu yake ikafika akataja jina akanyamaza. Jioni akaniambia, "Siste, hiyo ni ya masonko."

Wengi huishia hapo hapo. Utaskia mtu anasema nilijaribu AA ikanikataa, kumbe alijaribu chumba kimoja tu. Hiyo AA ni Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi kusaidiana kuacha pombe, na ilianza 1935 huko Akron, Ohio, Marekani, na walevi wawili, mmoja wa mambo ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, wakakaa chini wakaongea, na mpaka leo kazi ni hiyo hiyo, mlevi kuongea na mlevi mwenzake. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha pombe. Hakuna kujiandikisha wala fee, wakipitisha kikapu cha mchango unaweza kukiacha kipite na hakuna mtu atakuangalia vibaya. Na kila kikundi kinajiendesha chenyewe ndio maana havifanani, huku wanasoma kitabu, kule kila mtu anasimulia yake, kwingine ni akina mama pekee. Kuna mikutano iko wazi, hata mimi dada mtu naweza kukaa, na kuna ile imefungwa, ni ya mwenye shida ya pombe peke yake. Hiyo ulizia kabla hujapanda matatu, mimi niliambiwa kwa heshima ningoje nje na mvua ilikuwa inanyesha. Sisi familia tuko na yetu inaitwa Al-Anon, ilianza 1951, lakini watu wengi hawajawahi hata kuiskia.

Kitu kingine, majirani zetu Waislamu wanaogopa kwa sababu mikutano mingi iko kwa vyumba vya kanisa. Mara nyingi kikundi kimeomba tu chumba, si kwamba ni ibada. Zile hatua 12 za AA za kuacha pombe zinamtaja Mungu ndio, lakini vile wewe mwenyewe unamwelewa.

Sasa turudi kwa saa, hapo ndio naumia. Ile sheria ya 2010 ambayo watu huita ya Mututho, na Mututho wakati huo alikuwa mbunge wa Naivasha hapa hapa kaunti yetu, ilisema baa zifunguliwe siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Hata waliotunga sheria walijua kiu huwa ya saa gani. Mtu amelipwa, ametoka job, marafiki wako hapo stejini wanamuita. Huyo unamwambia mkutano ulikuwa asubuhi?

Mwishowe alipelekwa na jamaa mmoja wa bodaboda, aliyeacha pombe kitambo na hatangazi, kwa kikundi kinakutana saa moja jioni na wanaongea Kiswahili, mtu akilemewa anaingiza Kikuyu ama Kikalenjin na maisha yanaendelea. Kuna chai ya thermos. Mzee wa mlangoni hakumuuliza ametoka wapi wala anakunywa nini, alimuuliza kama amekula. Huko ndio anaenda hadi sasa.

Ombi langu kwa wenye rehab, makanisa na macounselor wa hospitali: mkimpa mtu ile karatasi andikeni siku, saa, lugha, na kama mkutano uko wazi au umefungwa. Mkiweza anzisheni hata mmoja wa jioni huku Rhonda ama Kaptembwo, chumba cha viti kumi kinatosha. Na wewe mhariri, kaboksi kadogo tu kila Ijumaa kenye mikutano ya wiki hakatakula nafasi.

Nimalizie na wale wanakunywa kila siku na mikono inatetemeka asubuhi kabla hawajaonja. Msikatize ghafla mkiwa peke yenu kwa nyumba, mtu anaweza kushikwa na kifafa akafa. Anzeni hospitali, kikundi kifuate. Laini ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na pombe na madawa, ni 1192 na kupiga ni bure.

Dada mtu,
Kaptembwo, Nakuru