Utafiti wa gesi za sumu tusiwaachie wanajeshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila ikitoka habari ya silaha za kemikali watu huku kwetu wanaisoma kama stori za Syria na Iraki huko, na wale wanasayansi wanaohangaika kutafuta namna ya kuzigundua hizo sumu na kujikinga nazo tunawaona ni watu wa jeshi tu, hawatuhusu. Mimi ni muuguzi, niko emajensi kwenye hospitali ya wilaya ambayo wagonjwa wake wengi ni wakulima wa nyanya na vitunguu, na nasema wanatuhusu sana, ila matunda ya kazi yao hayajatufikia.

Tuangalie Tokyo. Tarehe 20 Machi 1995, asubuhi watu wanawahi kazini, wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo wakaachia sarini, sumu inayoshambulia neva, kwenye treni 5 za chini ya ardhi. Zaidi ya watu 5,000 walikwenda hospitali, na hospitali ya St. Luke's peke yake ilipokea 640 siku hiyo hiyo, hebu fikiria emajensi yako inapokea watu 640. Sasa kinachoniuma ni kwamba taarifa ya kwanza kutoka zimamoto ilitaja asetonitraili, ambayo ni kemikali nyingine kabisa, kwa hiyo madaktari wakabaki kutibu kile wanachokiona: mboni za macho zimesinyaa mpaka zimebaki vitone, mafua yanatiririka, mtu anahema kwa shida. Aliyewafungua macho ni daktari aliyewahi kutibu wagonjwa wa Matsumoto, mji ambao dhehebu hilo hilo liliushambulia Juni 1994, aliona dalili kwenye televisheni akapiga simu kuwaambia hii ni kama ile ya kwetu. Polisi wamekuja kutangaza kuwa ni sarini yameshapita kama masaa 3.

Na masaa 3 ni mengi jamani. Sarini inakamata enzaimu inayozima ujumbe wa neva ukishafika kwenye misuli na kwenye tezi, sasa ujumbe usipozimwa misuli inachoka, makohozi yanajaa kifuani, mtu anazama akiwa nchi kavu. Dawa ya atropini inakausha hayo majimaji, na dawa inayoitwa PAM inaibandua sumu kutoka kwenye enzaimu, lakini PAM ina muda wake, sarini ikishakaa masaa kadhaa inang'ang'ania haibanduki tena, na kwa sumu ndugu yake inayoitwa somani ni dakika chache tu. Ndiyo maana kipimo cha kutambua sumu haraka ni tiba, msikione kama kitu cha kijeshi. Polisi wa Japani walipokwenda kuvamia majengo ya dhehebu siku 2 baadaye walibeba ndege aina ya kanari kwenye vitundu ili wajue kama kuna gesi. Nchi tajiri kama ile!

Kuna jambo lingine la St. Luke's ambalo ningependa kila mhudumu wa afya alijue. Wagonjwa walipozidi wengine waliwekwa kwenye kanisa dogo la hospitali, ambalo halikuwa na hewa ya kutosha, na nguo zao zilikuwa bado zimebeba sumu. Baadaye wafanyakazi walipoulizwa, kati ya 472 waliojibu, 110 walisema na wao walipata dalili, yaani waliokuja kuokoa wakaumia. Kumvua mgonjwa nguo, kuzifunga kwenye mfuko, kumwogesha maji mengi na kufungua madirisha hakuhitaji mashine ya mamilioni.

Tena vipimo vinasaidia hata haki. Kule Matsumoto polisi na magazeti walimwandama Yoshiyuki Kono, mkazi asiye na hatia aliyetoa taarifa ya tukio yeye mwenyewe, mke wake yuko mahututi, eti kwa sababu alikuwa na kemikali nyumbani. Na kijiji cha Wakurdi cha Birjinni, kaskazini mwa Iraki, kilichoshambuliwa mwaka 1988, udongo ulichukuliwa mwaka 1992, maabara ya Porton Down Uingereza ikakuta mabaki ya sarini, miaka 4 imepita na mvua zimenyesha. Aliyefanya unyama ule hawezi tena kusema hakuna kilichotokea.

Sasa turudi kwetu. Sumu hizi za neva zilianzia kwenye utafiti wa dawa za kuua wadudu, Gerhard Schrader kule Ujerumani mwaka 1936 alikuwa anatafuta dawa ya wadudu wa mimea akaangukia tabuni, mojawapo ya sumu hizo. Dawa nyingi za kupulizia za jamii ya oganofosfeti zinagusa enzaimu ile ile, nguvu yake tu ndiyo ndogo. Akiletwa kijana aliyekuwa na bomba mgongoni toka asubuhi bila glavu, shati limelowa dawa, mate yanamtoka, ukimmulika na tochi mboni hazionekani vizuri, unatibu kitu kile kile cha Tokyo. Kuhusu PAM kwa sumu za shambani madaktari bado wanabishana, lakini atropini haina ubishi, na mgonjwa mmoja mahututi anaweza kumaliza makumi ya ampuli usiku mmoja wakati sisi tunagawiwa chache za kugusa gusa. Kipimo cha damu cha kuonyesha enzaimu imeshuka kiasi gani hatuna, tunakadiria kwa macho, na hilo haliwezi kuwa sawa wakati sayansi yake imekuwepo miaka mingi.

Kwa hiyo Mhariri naomba waandishi wako wawaulize wanaopanga bajeti za dawa za wilaya: atropini ipo kiasi gani, kipimo cha hiyo enzaimu kitafika lini, na emajensi zenye bomba la nje la kumwogesha mgonjwa kabla hajaingia wodini ni ngapi? Na kwa wasomaji wanaoishi mashambani, mkimleta mtu aliyezidiwa na dawa ya kupulizia, mvueni hizo nguo na mumwoshe kwa maji mengi huku gari linatafutwa, anayemwosha avae glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi, halafu mje na kopo la dawa hata kama ni tupu, maana kile kilichoandikwa kwenye lebo kinatuokolea muda mwingi sana.

Muuguzi wa emajensi, hospitali ya wilaya