Hiari gani hiyo mbele ya bosi?

Ndugu Mhariri,

Masika yameanza, wageni wamepungua, na kama ilivyo desturi hapa Arusha, hoteli na kampuni za utalii zimeanza kuwapeleka wafanyakazi wao kwenye bonanza la kujenga umoja kazini. Sina ugomvi na kuvuta kamba, na mpira nacheza mwenyewe. Ugomvi wangu ni ile michezo ambayo kicheko chake hakipatikani mpaka mtu mmoja adhalilishwe, halafu ukihoji unaambiwa, "Si ilikuwa hiari?"

Mwaka jana ofisi yetu ilikwenda kando ya Ziwa Duluti. Mchana, emsii, kijana wa kukodi, akaleta sinia la unga wa ngano lenye pipi zilizofukiwa ndani. Timu iliyoshindwa inatoa mtu mmoja, anafungwa mikono kwa nyuma, anatafuta pipi kwa mdomo. Ikaangukia kwa mlinzi wetu wa usiku, mzee ambaye hata meneja humwamkia shikamoo. Mzee hakubisha. Akapiga magoti, akainama. Alipoinuka unga ulikuwa umemwingia puani na machoni, anakohoa, anageuka huku na huku akitafuta wa kumfungua mikono, na emsii anatangaza kwenye maiki, "Mzee kaota mvi mpaka usoni!" Mkurugenzi alicheka, basi na wengine wote wakacheka. Jioni video ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kazini, na kesho yake ikawa kwenye status za watu wasiomjua hata kwa sura. Mpaka leo madereva wanamwita Mzee Andazi.

Nilipomuuliza kwa nini hakukataa, alinijibu kwa swali: "Mwanangu, mkataba wangu unaisha lini?"

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wengi wetu katika utalii tuna mikataba ya msimu au ya mwaka mmoja. Mwajiri hana haja ya kumfukuza mtu; anasubiri mkataba ufike mwisho, anakaa kimya, basi. Hakuna barua, hakuna kosa, hakuna ushahidi. Na mji wenyewe ni mdogo: maofisa rasilimali watu wanapigiana simu, na neno "huyu ni mgumu" linafika Karatu kabla yako. Mtu wa namna hiyo ukimwita mbele ya wenzake hamsini na bosi ameshika simu anarekodi, akainuka, usiseme ameinuka kwa hiari.

Utetezi huohuo wa hiari ulifika mahakamani kule Marekani. Kampuni ya ving'ora ya Alarm One, huko Fresno, California, ilikuwa na mashindano ya timu za mauzo, na walioshindwa walichapwa matakoni kwa mabango ya kampuni pinzani. Wengine walilishwa chakula cha watoto wachanga au kuvalishwa nepi. Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu aliacha kazi, akashtaki. Kampuni ikajibu kwamba watu walishiriki kwa kupenda, tena wanaume nao walichapwa. Mwaka 2006 baraza la wazee wa mahakama likampa dola milioni 1.7. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo, kwa kuwa wazee wale hawakuelekezwa kwamba lazima waridhike alitendewa vile kwa sababu ya jinsia yake. Yaani kuwachapa wote kukawa ndiyo kinga.

Ufaransa walilitazama upande mwingine. Novemba 2022 mahakama yao ya juu ilisema mfanyakazi wa kampuni ya ushauri ya Cubik Partners hakustahili kufukuzwa kwa kukataa kujiunga na starehe za kampuni, ulevi na mizaha ya kudhalilishana ikiwemo. Kukataa kwake kulihesabiwa kuwa ni uhuru wake wa maoni.

Sisi je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kunyanyasa mfanyakazi, ila inataka unyanyasaji huo uwe umetokana na misingi iliyotajwa: jinsia, dini, kabila, ulemavu na mingineyo. Mtu anaweza kudhani tunaingia kwenye shimo lilelile la California. Lakini umri umo kwenye orodha hiyo, na hali ya maisha ya mtu pia imo. Emsii aliyemtania mlinzi mzee kuhusu mvi angekuwa na kazi ngumu ya kujieleza. Juu ya hayo, Ibara ya 12 ya Katiba inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, wala haikuongeza "isipokuwa siku ya bonanza".

Sheria hiyohiyo inamtambua pia mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Huyo huhesabiwa kuwa ameachishwa. Ana siku 30 kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na wengi huzimaliza wakiuguza hasira nyumbani. Aliye chini ya miezi sita kazini hana hata mlango huo wa kuachishwa isivyo halali.

Kuna na mambo madogo yanayopita kimya. Tuliambiwa asiyekuja atakatwa mshahara wa siku moja. Mshahara haukatwi kienyeji namna hiyo. Na siku yenyewe ilikuwa Jumapili, mapumziko yetu ya wiki: kama kuhudhuria ni lazima, basi ile ni kazi, na kazi ya siku ya mapumziko hulipwa mara mbili. Kama si lazima, makato ya nini? Mwajiri achague moja. Halafu mtu akivunjika mguu kwenye mbio za magunia, nani atajaza fomu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwamba aliumia kazini?

Ombi langu nalielekeza CHODAWU, chama chetu cha watu wa hoteli. Mnapokaa na waajiri kwenye mkataba wa hali bora, mnaongelea posho na sare. Ongezeni kifungu: orodha ya michezo itolewe mapema, anayekataa amwambie ofisa mmoja faraghani na asiulizwe sababu, na picha ya mtu isirushwe popote bila ruhusa yake. Mkishindwa vyote, anzeni na hicho cha picha, maana ile video ya mzee wetu bado inazunguka.

Mfanyakazi wa utalii,
Njiro, Arusha
(Jina limehifadhiwa)