Alhamisi tunaanza Amosi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Alhamisi saa 2 usiku tunaanza kitabu cha Amosi. Naomba kila mmoja asome sura ya 1 na ya 2 kwa mkupuo mmoja, kwa sauti ikiwezekana. Hukumu inaanzia mbali: Dameski, Gaza, Tiro, halafu Edomu, Amoni na Moabu. Mwisraeli aliyekuwa akisikiliza bila shaka aliitikia, maana hao ni maadui zake. Inafika Yuda, jirani kabisa. Kisha inamshukia yeye mwenyewe, na mashtaka yake ndiyo marefu kuliko yote, likiwemo la kumuuza maskini kwa jozi ya viatu!

Sura ya 8 inaingia mpaka sokoni. Wauzaji wanangoja sabato iishe wapunguze kipimo, wachakachue mizani, wauze hadi makapi ya ngano. Kwangu mimi hapo ndipo penye moto wa Amosi, mchunga mifugo huyu wa Tekoa, tukae hapo muda mrefu.

Atakayeweza kutueleza kwa ufupi habari za Amazia, kuhani wa Betheli aliyemwambia Amosi aondoke (7:10-17), aniandikie pembeni kabla ya Jumatano.