Vigae vya Mlangoni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba nyote hapo nyumbani hamjambo. Sisi huku tu wazima kabisa. Nimeirudia mara mbili ile sehemu uliyoeleza habari za vigae vya mlango wa sebule: kimoja kimeinuka kona, viwili vimepasuka, na fundi aliyekuja kuvitazama amekushauri uzibe nyufa kwa grauti, yaani ule uji unaojaza mianya kati ya vigae, basi yaishe. Umeniuliza kama ushauri huo unafaa. Nakuomba sana usiufuate. Mimi niliufuata katika mlango wangu, na haikupita miezi mitatu grauti ile ikaanza kutoka punje kwa punje kila tulipofagia, na ufa ukarudi pale pale ukiwa mpana zaidi.

Kwanza kabisa, piga magoti hapo mlangoni, chukua sarafu, ugonge kila kigae polepole kuanzia katikati kwenda kwenye kona zake. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mfupi, mzito. Kisichoshika hulia kama mtungi mtupu, na ukishausikia mlio huo mara moja hutauchanganya tena na mwingine. Kila kinapolia hivyo, tia alama ya chaki. Usishangae chaki ikifika hata kwenye vigae ambavyo kwa macho havina kasoro yoyote.

Nilipong'oa kigae changu cha kwanza, kiliinuka kizima kama kifuniko cha sufuria. Chini yake nilikuta madonge matano ya saruji, manne karibu na kona na moja katikati, na baina ya madonge hayo hapakuwa na kitu ila vumbi. Mgongo wa kigae ulikuwa safi kama siku kilipotoka kwenye boksi, isipokuwa yale mabaka matano. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ufa ulioonekana juu ulikuwa umezaliwa chini. Sehemu nyingine ya chumba watu hutawanya nyayo zao, lakini mlangoni kila anayeingia na kila anayetoka hukanyaga pale pale, tena mara nyingi akiwa amebeba mzigo au anaburuta kiti. Kigae kisicho na kitu cha kukishikilia kwa chini hukubali uzito huo kwa muda, kisha hupasuka, na grauti ya juu haina nguvu yoyote ya kukizuia. Inapasa gundi au saruji inayokishika kigae iguse angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae katika vyumba vikavu, na asilimia 95 penye maji kama vile bafuni. Madonge matano hayafiki hata nusu.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hulisahau. Ikiwa vigae vyako ni vya poseleni, tambua kwamba aina hiyo karibu hainywi maji, kwani unyonyaji wake hauzidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Saruji ya kawaida hushika kwa kupenya kwenye vitundu vya kigae, na poseleni haina vitundu vya kutosha. Kwa hiyo hata saruji ingeenea mgongo mzima, bado ingeachia. Tumia gundi ya vigae iliyotengenezwa kwa ajili ya poseleni, na ukoroge kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye mfuko, si kwa kukadiria.

Katika kung'oa, subira ndiyo itakayookoa vigae vya jirani. Ondoa kwanza grauti yote inayokizunguka kigae kibovu, maana ukianza kugonga kabla ya kuiondoa, mtikisiko utahamia kwa jirani na utajikuta na kazi mara mbili. Kisha kipasue katikati kwa nyundo na tindo, uwe unatoa vipande kutoka katikati kwenda pembeni, wala usiingize tindo kwenye mwanya na kuibinya dhidi ya kigae kizima. Tafadhali vaa miwani na barakoa nzuri ya kuzuia vumbi, kwa sababu vipande vya kigae vina makali kama wembe, na vumbi la saruji na vigae linadhuru mapafu. Katika hili usinifanyie uvivu hata kidogo.

Baada ya hapo, kwangua gundi au saruji kuukuu yote mpaka ulione zege lenyewe. Kwangu hatua hii ilichukua muda mrefu kuliko kazi yote iliyobaki, na nilijaribiwa sana kuiacha nusu, lakini donge dogo likibaki ndilo litakaloinua kona ya kigae kipya. Lalisha rula ndefu ya aluminiamu kutoka chumba kimoja hadi kingine kupitia mlangoni. Kwa vigae vikubwa, vyenye upande wa sentimita 38 au zaidi, sakafu haitakiwi kupishana zaidi ya milimita 3 katika urefu wa mita 3. Penye bonde jaza, acha pakauke, kisha pima upya. Wakati huo huo fungua na kufunga mlango ukiwa na kigae kipya kilicholazwa bila gundi, ili uhakikishe kwamba kikishainuliwa na unene wa gundi, ubao wa mlango hautakikwaruza.

Sasa nifikie pale ambapo moyo wangu upo hasa, yaani kwenye mstari unaopita chini ya ubao wa mlango. Umeniambia kwamba ufa wako umenyooka kutoka mwimo mmoja hadi mwingine. Ufa wa namna hiyo hutokea pale sakafu za vyumba viwili zinapokutana, kwa kuwa kila moja hutanuka na kusinyaa kivyake. Ukipitisha kigae kimoja juu ya mkutano huo, sakafu zitakivuta huku na huku mpaka kipasuke, hata kiwe kimelazwa kwa ustadi gani. Acha mwanya ulionyooka hapo, uangukie katikati ya unene wa ubao ili mlango ukifungwa usionekane, na uujaze silikoni yenye rangi ya grauti yako, si grauti. Silikoni hutanuka na kurudi, grauti haiwezi.

Kuhusu miimo, usimruhusu fundi akate kigae kwa kufuata kila kona ya fremu, kwani mwanya utakaobaki huwa mbaya na haufichiki. Kama fremu ni ya mbao, chukua kipande cha kigae, kiweke sakafuni juu ya kipande cha kadibodi chenye unene wa gundi, ulaze msumeno juu yake, ukate mguu wa mwimo kwa usawa huo. Kigae kitaingia chini ya mbao na kuonekana kana kwamba nyumba ilijengwa juu yake. Kama fremu ni ya chuma, acha nafasi ya milimita 3 na kuijaza silikoni.

Katika kulaza, paka gundi sakafuni kwa mwiko wenye meno, mistari yote ikielekea upande mmoja, kisha paka nyingine nyembamba mgongoni mwa kigae. Kilaze, ukisogeze kidogo kwa kukata mistari hiyo ili hewa itoke, na ukigonge kwa nyundo ya mpira. Cha kwanza kabisa kiinue tena papo hapo uutazame mgongo wake. Ukiona sehemu kavu, ongeza gundi. Usipake eneo kubwa kwa mara moja, kwani gundi ikifanya utando, ukaigusa na isikushike kidole, haifai tena na lazima ikwanguliwe. Kisha tumieni mlango mwingine kwa saa 24 kabla ya kutia grauti, hata kama watoto watalalamika.

Fundi akikwambia kwamba haya yote ni kupoteza muda, mwombe ang'oe kigae kimoja tu mbele yako. Nami niandikie siku hiyo hiyo, unieleze umekuta nini mgongoni mwake.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.